Chupa ya Dirishani

Debora alinipigia simu asubuhi, nami nimeinamia kitambaa cha sare za shule, mkasi mkononi. Hakulia. Alisema tu, "Eliya ametangulia, dada. Tunazika kesho. Usijisumbue na mguu huo, njoo siku ya kuondoa matanga." Nikamwambia mguu huu ni wao zaidi kuliko wangu, na utafika popote nitakapouambia ufike. Akacheka kidogo, ndipo akalia. Tulipoagana nilikaa na ule mkasi mapajani, nguo ya watu imelala mezani bila kukatwa. Wanaojua nusu ya habari yangu hudhani jina la Eliya ni la kuniharibia siku, kwa kuwa ndiye aliyenivunja. Ni kweli alinivunja. Lakini mwaka ule ulioanza kwa kuvunjwa ulinipa vitu ninavyovitumia hadi leo, na kwa vile mimi ni mtu wa kinyongo kidogo, sifichi, afadhali niueleze mwenyewe kabla wengine hawajanielezea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Musinzira, Gitega, kwa Baba Mdogo Issa, fundi wa makochi, na mkewe Mama Mdogo Asha. Chumba cha mbele kilijaa makochi ya wateja yasiyokwisha, mengine mbao tupu, mengine yamevaa sponji bila kitambaa, hata wageni walilazimika kuuliza wapi panakalika. Chini ya dirisha ilikuwapo cherehani yangu ya kukanyaga. Siku ile nilikuwa nimepeleka sare Mutaho, narudi nimekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, miguu upande mmoja. Pikapu nyeupe ya Muyinga, imepakia maharagwe, ikakata kona ikaja upande wetu. Mwenye baiskeli alirukia majanini akatoka na mchubuko wa kiwiko. Mimi nilibaki barabarani, mguu wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Dereva alikuwa mtu mzima, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipiga magoti, akanifunika koti lake, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka cha watu waliokulia Tanzania, "Kosa ni langu, dada. Kosa ni langu." Polisi walipofika akawaambia maneno yale yale, nao wakayaandika.

Hospitali walinifunga plasta, lakini Baba Mdogo hakuiamini plasta. Aliniambia mfupa uliofichwa ndani ya chokaa hauna mtu wa kuusimamia. Baada ya siku chache akanihamishia kwa mganga wa mifupa, mzee mwenye vidole laini, akanifunga kwa vijiti na majani, akawa ananikanda huku akinisimulia visa vya ng'ombe wake. Nilimpenda yule mzee. Mguu haukumpenda. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Wiki ya tatu, Jumapili, nikiwa ningali kwenye vijiti, nimelazwa kwenye godoro nyuma ya kochi lisilo na mgongo, wageni walikuja kuomba msamaha.

Kwetu mtu akikuumiza hakuachi hivi hivi. Anakuja na wazee wake na kinywaji. Ingekuwa nyumba ya Wakristo wangebeba pombe ya ndizi. Kwetu walileta fanta, na Burundi kila soda ni fanta, kreti mbili walizochukua dukani kwa jirani yetu Ramadhani. Walikuja wanne: Eliya, wazee wawili wa kanisani kwake, na mwenye gari, ambaye wote walimwita patroni, mwenye viatu vinavyong'aa. Chumba kilinukia gundi na pilau ya Mama Mdogo. Wakasema, "Pole sana, mzee," wakimtazama Baba Mdogo. Wakasema, "Ajali haina mwenyewe," wakimtazama Baba Mdogo. Naye akajibu vizuri, maana kwa maneno mazuri hana mpinzani, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nilikuwa nimelala hatua tatu kutoka hapo, na hakuna aliyeniuliza mguu. Mwishowe Eliya akafungua chupa moja, akaonja mwenyewe kwanza kama mila inavyotaka, akapangusa mdomo wa chupa kwa kiganja, akachutama, akanipa kwa mikono miwili. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu nimelelewa. Kisha nikaiweka dirishani. Wote waliona. Mzee mmoja akakohoa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbao.

Hapo ndipo patroni alipotoa karatasi kwenye koti lake, imepigwa chapa kwa Kifaransa. "Ni papye ya msamaha tu, mzee," alisema. "Mambo ikae vizuri." Eliya akatia saini upesi upesi. Baba Mdogo akaiweka gotini, akachora jina lake kwa herufi kubwa, polepole, kama anayepima kitambaa. Miezi ilipita ndipo nikaelewa nilichokiona. Eliya alisoma shule ya kambi ya wakimbizi Tanzania, Kifaransa hakukijua hata kidogo, na aliona haya mbele ya patroni wake. Baba Mdogo aliisoma Kurani kama maji, lakini kwa Kifaransa alitambua majina ya wateja tu, na aliona haya mbele ya wageni wake. Eliya alimwona mtu wa mjini akasema moyoni, huyu amesoma. Baba Mdogo alimwona dereva wa safari ndefu akasema, huyu anajua. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote na sijaona kinachotutia hasara kama ile haya ya kuuliza, "Hapa pameandikwa nini?"

Vijiti vilipofunguliwa mguu ulikuwa umepona upande. Nilipokanyaga, kisigino hakikufika chini, na nilipojaribu cherehani, goti liligonga meza na pedali ikakataa kurudi. Tulirudi hospitali. Daktari alituonyesha picha kwenye mwanga wa dirisha, akasema lazima mfupa uvunjwe tena na utiwe chuma, na kwamba kila mwezi unaopita unazidi kukomaa vibaya, mwisho hata chuma hakitasaidia. Kisha akataja gharama. Baba Mdogo akatazama dari. Daktari akatuonea huruma, akatukumbusha bima, "Mais gari ilikuwa na asiransi, si ndiyo? Asiransi iko ya kazi hiyo. Mi nitawaandikia cheti, muende mudai." Tukarudi nyumbani tumepona nusu. Mama Mdogo akaanza kupanga nguo zetu za kwenda Muyinga siku ile ile, kana kwamba pesa zinatungoja juu ya meza.

Tulifika Muyinga siku ya Alhamisi, mimi na Baba Mdogo na gongo langu, na bahasha yenye cheti cha daktari na karatasi ya polisi. Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya kwanza. Nilipanda zile ngazi kwa makalio, kinyumenyume, na ninazikumbuka zote kumi na sita. Karani alikuwa kijana wa shati jeupe, mpole, mwenye haraka. Alifungua faili, akamwambia Baba Mdogo, "Mzee, hii dosye imefungwa. Muko mumesamehe. Sinyatire yako hii hapa."

"Mi nilisamehe dereva," Baba Mdogo akasema. "Asiransi haijanigonga hata siku moja, nitaisamehe nini?"

Karani akatabasamu, lakini akasoma. Karatasi ya patroni ilisema familia imeridhika, na haitadai kitu tena kwa yeyote. Hasira iliyokuwa imenikaa kifuani tangu ile Jumapili ikapata pa kutokea.

"Na sinyatire yangu iko wapi?" nikauliza.

Karani akanitazama kwa mara ya kwanza. "We uko na miaka ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha mbele. "Bon. We ni mutu mukubwa, ilitakiwa sinyatire yako. Siku ile we ulikuwa pale?"

"Nilikuwa. Hakuna mwenye aliniuliza kitu. Walinipa fanta, sikukunywa."

"Nani aliona?"

Nikamwambia wote waliona. Akatikisa kichwa. "Watu wa kwenu hawatoshi, watasema muliongea nyumbani. Leta mutu wa upande wa gari. Mi niko natuma dosye zote Bujumbura kesho. Ikienda hivi, itarudi hivi." Hakuwa mtu mbaya. Aliinuka akanifungulia mlango, akashuka ngazi nzima akinibebea gongo.

Nje jua lilikuwa kali, na Baba Mdogo akasema tukale. Eliya siku ile ya msamaha alikuwa amemwambia, mkifika Muyinga mke wangu anauza chakula karibu na soko, msipite bila kula. Nikasema sili chakula cha nyumba ile. Akasema mwaliko ni mwaliko. Nikasema mwaliko wao ndio uliotufikisha hapa. Tulibishana njia nzima, yeye akipunguza hatua ili gongo langu limfikie, mpaka tukatokea mbele ya kibanda cha mabati chenye mabenchi manne na harufu ya dagaa wa kukaanga. Njaa haina kinyongo. Niliketi.

Debora alituletea ugali wa muhogo, maharagwe, mchicha wa lengalenga na dagaa, na maji ya kunawa. Baba Mdogo akajitambulisha. Yule mama akaweka birika chini, akainama, akautazama mguu wangu bila kuugusa, kisha akanitazama mimi. "Na mguu unaendeleaje, dada?" Ukiacha madaktari, alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza mwenyewe swali hilo. Nikalia juu ya wale dagaa mpaka nikaona aibu. Nilimweleza yote: kisigino, pedali, chuma, karatasi. Baba Mdogo alikuwa na nakala aliyopewa. Debora akaichukua, akampa mteja mmoja, dereva wa lori aliyesoma seminari, akamwambia amsomee kwa Kiswahili, kwa sauti. Vijiko vikasimama kibanda kizima. Yule dereva alisoma sentensi moja moja, na kila sentensi ilivyotoka nilimwona Baba Mdogo anapungua. Mwisho alinawa mikono kabla ya kushiba. "Nimeuza mguu ya mtoto wangu kwa kreti mbili," alisema, kwa sauti ya chini, si kwa ajili yetu.

"Hata Eliya hakujua, baba," Debora akasema. "Aliniambia ni karatasi ya kanisa tu."

Eliya alirudi kutoka mpakani Kobero alasiri. Mkewe alimweleza pale pale, kabla hajaketi, ufunguo wa gari ukimning'inia kidoleni. Aliuliza kwanza hali ya mguu, akasikiliza jibu langu lote, na lilikuwa refu. Kisha akasema kesho asubuhi atakwenda ofisini nasi. Tulilala kwao. Debora alinipa kitanda chake, akamtandikia Baba Mdogo mkeka safi na kumwonyesha upande wa kibla, ambao alikuwa ameuliza kwa jirani Mwislamu. Asubuhi, nikingoja uji, niliwasikia jikoni kupitia ukuta wa udongo. "Patroni atachukua gari," Debora alisema. "Watoto watakula nini?" Kijiko kikazunguka sufuriani. Eliya akajibu, "Tulikula kambini, tukakua. Huyu binti atakanyaga cherehani kwa mguu upi?" Nikamsikia Debora anamimina uji, vikombe vinne, na cha kwanza akaniletea mimi.

Ofisini Eliya alitoa maelezo yake amesimama. Alisema siku ile hapakutajwa bima hata mara moja. Alisema karatasi ilisainiwa na watu wawili wasioijua, na yeye ni mmoja wao. Kukiri hivyo mbele ya kijana mdogo ni kazi kwa mtu mzima. Kisha akasema, "Nilifungua chupa, nikaonja, nikampa huyu dada. Aliiweka dirishani. Kwetu asiyekunywa hajasamehe. Na hakuulizwa."

"Hii ya chupa niandike?" karani akauliza.

"Andika."

"Iko dirishani mpaka leo," nikaongeza. Karani akacheka, akaandika. Eliya akamtaka amsomee yote kwa Kiswahili kabla ya kutia saini, kisha akamwomba arudie. Karani akarudia. Nilikaa pale nikimtazama mtu aliyenivunja akishika kalamu kwa tahadhari, na kile kinyongo changu kikaanza kulegea, ingawa sikumwambia.

Tukarudi Gitega kungoja. Kungoja kwetu kulikuwa na mchezo wake, kwa sababu Ramadhani wa dukani alitaka chupa yake. Kreti mbili zilirudi zikiwa pungufu chupa moja, na kila Ijumaa baada ya swala alipita kuuliza. Mama Mdogo alimwambia, "Njo uimwage we mwenyewe." Akaikaribia, akaitazama ile fanta iliyopungua funda moja la Eliya, rangi imepauka kwa jua, akarudi nyuma. "Iko ya msamaha hii. Mi siigusi." Na Mama Mdogo pia alikuwa akipangusa vumbi kuizunguka tu. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa akiitazama kuliko wote. Jioni moja, bila mtu kumuuliza, alinijia na msumeno mkononi, akasema, "Mi nilisema nitakuongelea, nikasahau kukuuliza. Unisamehe, mwanangu." Nikamwambia nimesamehe, na yeye hahitaji kuleta fanta. Alicheka, akarudi kwenye kochi lake, na usiku ule alikula vizuri.

Jibu lilikuja mvua za kwanza zilipoanza. Bima ilikubali. Nilifanyiwa upasuaji, nikakaa wiki nyingi wodini, kitanda kimepakana na cha mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga. Nilimwomba kitu kimoja, anifundishe kusoma Kifaransa. Vitabu hatukuwa navyo. Tulisoma karatasi za dawa, tangazo la ukutani, risiti, na faili langu mwenyewe, neno kwa neno, mwalimu akinigonga kidole nikikosea. Nilitoka pale na chuma mguuni na uwezo wa kusoma polepole karatasi yoyote ambayo mtu angenipa. Sijui ni kipi kimenisaidia zaidi. Mguu haukunyooka kabisa, siku za baridi unaniambia mapema kuliko redio, lakini kisigino kilifika chini. Siku niliyokanyaga pedali na sindano ikatembea, Mama Mdogo alipiga kigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Eliya na Debora walikuja kututembelea mwisho wa mwaka ule, safari hii bila wazee, bila karatasi. Ndipo nilipojua kwamba patroni alimnyang'anya ufunguo siku ile ile ya Ijumaa, na miezi yote ile alikuwa akipasua kuni na kumsaidia mkewe kibandani, hadi yule dereva wa lori aliyesoma seminari alipomtafutia kazi. Hakuwa ametuambia. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ulikuwa na mguu wa kufikiria." Kisha akafungua chupa aliyokuja nayo, akaonja, akapangusa, akanipa kwa mikono miwili. Nilikunywa yote, bila kupumua, machozi yakinitoka kwa gesi. Baada ya hapo nikatembea mwenyewe mpaka dirishani, nikaichukua ile ya zamani, nikaimwaga kwenye shina la mparachichi, nikampelekea Ramadhani chupa yake kwa miguu yangu. Aliipokea kama mtu aliyerudishiwa mbuzi.

Wiki iliyopita nilikwenda Muyinga kuondoa matanga. Nyumba ni ile ile, ila ukuta sasa ni wa matofali. Watu walikuwa wengi, wameshikana mikono wakiambiana "Mwihangane", yaani vumilieni, na ndugu wawili wa marehemu waliketi karibu na Debora, wazungumzaji wazuri kama Baba Mdogo enzi zake. Mmoja alisimama akasema kaka yao alipenda amani, na ili matanga yaishe kwa amani kuna kijikaratasi cha kiwanja, ni kawaida tu, shemeji atie saini. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Pengine walikuwa wamekiamini kama tulivyokiamini kile cha kwetu. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Wote walimtazama mzee wa kanisa aliyekuwa ameketi nao, na Debora alikuwa tayari ameshika kalamu, macho yamevimba, hajaulizwa neno. Mwanawe alikuwa amenifungulia fanta, ameonja, amenipa kwa mikono miwili. Niliipokea kwa mikono miwili. Kisha nikainuka, nikachechemea mpaka dirishani, nikaiweka pale.

Debora akaiona ile chupa, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anatabasamu.

"Shemeji zangu, mtuwie radhi," nikasema. "Tutakunywa wote, hata mimi. Lakini kwanza leteni hiyo karatasi, niwasomee kwa Kiswahili."

Debora akaweka kalamu chini, akavuta kiti chake karibu na changu.